Fundi saa wa Kariakoo aliyekataa kunikabidhi saa yangu kibandani

Nilikwenda Kariakoo siku ya Jumanne kuchukua saa ya marehemu baba. Nilikuwa na pesa na khanga ya kuifungia, na fundi akakataa kunipa. Saa ilikuwa tayari. Ilining'inia kwenye ubao nyuma yake, kioo kimefutwa, inapiga vizuri kabisa. "Mwalimu," akaniambia, "hii hapa ni nusu. Nusu nyingine iko ukutani kwako. Jumamosi nitakuja nizikutanishe, ndipo utanilipa."

Nimefundisha fizikia sekondari miaka thelathini na mmoja, nikastaafu mwaka juzi. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kuwaambia wanafunzi jambo hilo kwa maneno machache na mazuri namna ile. Naandika haya kama mteja aliyeridhika, ili mwenye saa ya zamani iliyolala kabatini ajue pa kuipeleka. Lakini itanibidi nipite kwenye fizikia pia, kwa sababu fundi huyu alikuwa sahihi kuliko hata alivyokusudia, na tuliligundua hilo pamoja sebuleni kwangu, tukiwa na chai na chapati.

Kwanza saa yenyewe. Baba alikuwa karani wa reli Tabora, na aliinunua kwa mfanyabiashara aliyekuwa anahama. Ni saa ya ukutani ya mbao, imeandikwa kwamba ilitengenezwa Ujerumani, na hutiwa ufunguo mara moja kwa wiki. Kwetu ilikuwa kazi ya Jumapili baada ya kanisa, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuugusa ufunguo. Chini ya uso wa saa, nyuma ya kioo, kuna fimbo yenye kisahani cha shaba kinachobembea. Darasani tuliiita pendula. Fundi anaiita timazi, neno lile lile la waashi kwa uzi wenye risasi unaowaonyesha kama ukuta umesimama wima. Nimelipenda jina lake na ndilo nitakalolitumia.

Kabla ya kumpata huyu, niliipeleka kwa fundi mwingine, ambaye sitamtaja wala sitasema yuko wapi. Aliimiminia mafuta ya cherehani mpaka vumbi likagandamana kwenye meno ya magurudumu, kisha akaupinda utepe mwembamba wa chuma unaoishikilia timazi kwa juu. Saa ilirudi nyumbani inachechemea, tiki inakuja haraka na taka inachelewa, na siku ya tatu ikasimama. Niliumia sana. Nilihisi kama nimemkabidhi mtu mgonjwa wangu naye akamzidishia ugonjwa.

Kwa huyu wa Kariakoo nilielekezwa na muuza mabegi. Ukitoka Magomeni kama mimi, panda mwendokasi ya Gerezani, shuka Msimbazi, kisha ingia vichochoro vya upande wa Mtaa wa Mkunguni na uulizie fundi wa saa za ukutani. Ni mzee wa miaka sabini na kitu, mpole, anayekusikiliza mpaka umalize. Anafanya kazi na mjukuu wake, kijana wa miaka kama kumi na tisa. Nilipompa shikamoo alinijibu huku mikono yake tayari iko kwenye saa, na jambo la kwanza alilofanya ni kuiondoa timazi na kuifunga pembeni kwenye kitambaa. "Ukisafiri na saa hizi timazi isiwe ndani," akasema. "Inapigapiga huku na huku, inaua utepe." Nilikuwa nimetoka nayo Magomeni ikiwa ndani.

Alifungua kila kitu. Alikuwa na picha alizopiga kwa simu ya mjukuu ili kukumbuka kila gurudumu lilikotoka. Aliosha kwa petroli na brashi, akasafisha vitundu vidogo vinavyobeba ncha za magurudumu kwa njiti ya kiberiti aliyoichonga, akatengeneza utepe mpya, kisha akaweka mafuta kwa ncha ya sindano, tone moja kila kitundu. Halafu akakaa na kusikiliza. Sijawahi kuona mtu akisikiliza kitu kwa makini hivyo tangu mkunga aliposikiliza tumbo langu.

Sasa Jumamosi. Walifika saa mbili na nusu asubuhi, mzee na mjukuu, wakiwa na pima maji, nyundo na misumari ya zege. Mzee alizunguka sebule yangu kwanza. Ukuta wa magharibi akaukataa kwa sababu unapigwa na jua la alasiri. Ule wa mbao unaotenganisha chumba cha wageni akauegemea, akautikisa, akaukataa pia. Akachagua ukuta wa tofali ulio kati ya mlango na dirisha. Alipoitundika saa aliitazama kwa pima maji, lakini pima maji hakuiamini mpaka mwisho: aliweka sikio, akausukuma mguu wa saa kushoto kwa kiasi cha unene wa ukucha, akasikiliza, akausukuma tena, mpaka nafasi kati ya tiki na taka na nafasi kati ya taka na tiki zikawa sawa. Ndipo akaitia majira.

Alirudi Jumamosi mbili zilizofuata, bila kudai nauli ya ziada, kuikaza ile nati iliyo chini ya timazi. Wiki ya kwanza saa ilibaki nyuma dakika mbili na ushei. Akakaza robo mzunguko, ikawa imepunguza kuchelewa kwa kiasi cha sekunde ishirini kila siku. Wiki ya pili akamalizia.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Timazi yangu ina urefu wa kama sentimita 25, na timazi ya urefu huo huenda na kurudi kwa sekunde moja. Ukiirefusha kwa milimita moja tu, saa inabaki nyuma karibu dakika tatu kwa siku. Hiyo ndiyo kazi ya nati. Lakini urefu ni upande mmoja tu wa hesabu. Upande wa pili ni nguvu ya ardhi kuivuta timazi irudi chini, na nguvu hiyo si sawa kila mahali. Ujerumani ardhi inavuta zaidi kidogo kuliko Dar es Salaam, kwa sababu huku tuko karibu na ikweta. Saa iliyotiwa majira kule ikaletwa hapa bila kuguswa nati itachelewa kama dakika mbili kila siku, na haina ubovu wowote. Mfaransa Jean Richer alilikuta jambo hili mwaka 1672 alipokwenda Cayenne, Amerika ya Kusini, mji ulio karibu na ikweta kama sisi. Saa yake ya timazi iliyokwenda vizuri Paris ilichelewa kama dakika mbili na nusu kwa siku, ikambidi afupishe timazi. Hata Tabora na Dar hazilingani: Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na saa ya baba ilipoteremka pwani ilipaswa kukimbia sekunde kumi na kidogo zaidi kwa siku.

Kwa hiyo fundi anaposema nusu ya saa iko ukutani, usidhani ni maneno ya kupamba biashara. Ndani ya sanduku lile la mbao hakuna kitu kinachoirudisha timazi katikati. Springi inaisukuma kidogo tu ili isichoke. Kinachoirudisha ni ardhi. Ipeleke saa ile angani, ndani ya chombo kinachoizunguka dunia ambamo vitu vinaelea, nayo timazi haitabembea hata mara moja, wakati saa ya mkononi ya rubani itaendelea kama kawaida.

Tulipokuwa tunakunywa chai siku ile ya kwanza, mjukuu aliuliza swali. Mama yake anaishi Morogoro na yeye huenda kumtembelea kwa treni ya umeme. "Madam," akasema, "nimeona kwenye simu kwamba kitu kikikimbia muda wake unapungua. Je, nikipanda SGR na saa hii, itachelewa?"

Babu yake akajibu kabla yangu: "Itasimama. Treni inatikisa."

Ni jibu sahihi la fundi, na nililiheshimu. Lakini swali la kijana lilikuwa zuri kupita kiasi, na mimi sikuwa nimeulizwa swali kama lile kwa miaka miwili. Nikaenda kutafuta daftari.

Nilimwambia hivi. Aliyoyaona kwenye simu ni kweli. Mwaka 1905 Albert Einstein alionyesha kwamba mwanga ukiwa na kasi ile ile kwa kila mtu anayeupima, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, basi watu wawili wanaopitana hawawezi kukubaliana juu ya muda. Hiyo ndiyo nadharia maalumu ya uhusianifu. Saa inayokupita inaonekana kwako inakwenda polepole. Kwa treni ya kweli tofauti ni ndogo mno, kwa hiyo tukaipa treni yetu kasi ya uongo ili hesabu ionekane: asilimia 60 ya kasi ya mwanga. Kwa kasi hiyo, kila sekunde moja ya saa ya mkononi ya abiria huhesabiwa na mtu wa jukwaani kuwa sekunde 1.25. Nikaichora treni isiyotikisa, juu ya ardhi tambarare isiyo na mwisho, maana juu ya dunia ya mviringo treni ya kasi hiyo ingepaa ikapotea papo hapo.

"Basi na timazi itakuwa sekunde 1.25," akasema kijana. Wanafunzi wangu wengi wangesema hivyo hivyo, na zamani mimi mwenyewe niliwafundisha hivyo. Kuna kitu kinasahaulika.

Nikachukua maembe mawili kwenye sinia. Moja, nikasema, analidondosha mtu wa jukwaani. Jingine analidondosha abiria ndani ya behewa, kutoka urefu ule ule, kwa wakati ule ule. Mwendo wa kwenda mbele hauliharakishi embe kuanguka wala hauliahirishi. Kwa mtu wa jukwaani yote mawili yanafika chini pamoja. Tuseme kwa saa ya jukwaani yamechukua nusu sekunde. Je, abiria anasomaje kwenye saa yake ya mkononi?

Kijana akagawanya kwa 1.25. "Sekunde 0.4."

Na urefu alioanguka embe? Haukubadilika. Katika uhusianifu kinachofupika ni kile kilicholala upande wa mwendo. Cha kwenda juu na chini kinabaki kama kilivyo. Basi abiria ameona embe likianguka urefu ule ule kwa muda mfupi zaidi. Kwake yeye ardhi inavuta kwa nguvu zaidi, mara 1.5625, yaani 1.25 mara 1.25. Angepanda mizani ndani ya behewa angejiona amekuwa mzito zaidi ya nusu tena ya uzito wake.

Nikamwachia penseli amalizie timazi. Kasi ya kubembea hufuata kipeuo cha pili cha mvuto, kwa hiyo mvuto ukizidi mara 1.5625, timazi inaharakisha mara 1.25. Kwa abiria, timazi iliyokuwa ya sekunde moja sasa inakwenda na kurudi kwa sekunde 0.8. Na mtu wa jukwaani, ambaye kila sekunde ya abiria anaihesabu kuwa 1.25, atapata 0.8 mara 1.25.

Alinyamaza kidogo, akarudia kuzidisha. "Moja," akasema. "Madam, imerudi ile ile."

Imerudi ile ile. Timazi iliyo ndani ya treni, ikipimwa kutoka jukwaani, haijachelewa hata kidogo, na kila sekunde ya saa ya mkononi iliyo kando yake imerefuka kwa robo nzima. Ndani ya behewa moja saa mbili hazipatani, na hakuna iliyo mbovu. Nilikuwa nataka kueleza sababu, lakini mzee alikuwa ameweka kikombe chini.

"Ardhi umeiacha stesheni," akasema. "Umesafiri na nusu ya saa."

Hakuna namna bora ya kulisema jambo hilo. Saa ya mkononi imebeba kila kitu chake: gurudumu dogo linalokwenda na kurudi, na springi yake yenyewe ya kulirudisha. Likisafiri, saa nzima imesafiri, na kanuni ya kuchelewa inaishika yote. Timazi ikisafiri bila ardhi, kilichosafiri si saa. Kwa abiria ni ardhi ndiyo inayokimbia chini yake, na ardhi inayokimbia inavuta tofauti na iliyotulia.

Einstein mwenyewe alilikwepa shimo hili. Katika makala yake ya 1905 alipolinganisha saa iliyo ikweta na iliyo ncha ya dunia, alitaja saa ya gurudumu na springi, hakutaja ya timazi. Makala ilipochapishwa tena baadaye, chini ya ukurasa iliongezwa tanbihi kueleza kwa nini: saa ya timazi ni mfumo ambao dunia nayo imo ndani yake, kwa hiyo ilibidi iwekwe kando. Nilipomsomea mzee maneno hayo alitabasamu tu, akaomba chapati nyingine.

Ukitaka timazi ifuate kanuni ya kuchelewa, isafirishe pamoja na ardhi yake. Tuseme mtu anapita karibu na dunia kwa chombo chenye kasi ile ile ya asilimia 60, anachungulia sebule yangu ya Magomeni. Kwake yeye ukuta, saa, mimi na dunia nzima tunakimbia pamoja. Huyo atapima timazi yangu na kupata sekunde 1.25, sawasawa na atakavyopima saa yangu ya mkononi. Na kama anapita upande ule ule timazi inakobembea, mbembeo wa sentimita 10 atauona ni wa sentimita 8, lakini fimbo ikiwa imesimama wima urefu wake hautapungua.

Tulirudi kwenye SGR ya kweli, kwa sababu kijana hakutaka kuondoka na treni ya kuchora. Mwendo wake wa juu ni kilomita 160 kwa saa, yaani mita 44 kwa sekunde. Kwenda na kurudi Morogoro, saa ya mkononi ya abiria, kwa ajili ya mwendo huo, inabaki nyuma kwa chini ya sehemu moja ya nane ya nanosekunde, na nanosekunde ni sekunde moja iliyogawanywa mara bilioni. Hakuna saa ya mkononi itakayokuonyesha hilo. Mwezi Oktoba 1971 Wamarekani Joseph Hafele na Richard Keating walibeba saa za atomi kwenye ndege za kawaida za abiria wakaizunguka dunia. Zilizokwenda mashariki zilipoteza nanosekunde 59, zilizokwenda magharibi zilipata 273, kwa sababu ya kasi ya ndege pamoja na mzunguko wa dunia, na pia kwa sababu ya urefu wa juu walikopaa. Saa za atomi hazitegemei mvuto kama timazi. Kwa timazi jaribio lile lisingewezekana.

Na timazi ndani ya SGR? Hapa palinishangaza mimi mwenyewe nilipokokotoa. Dunia inajizungusha kwenda mashariki, na ardhi ya Dar inatuchukua sote kwa mita 460 hivi kila sekunde. Mzunguko huo unatupunguzia uzito kidogo. Treni inayokwenda Morogoro inaelekea magharibi, inapunguza mwendo wetu huo wa mashariki, kwa hiyo kila kitu ndani yake kinakuwa kizito zaidi kwa kiasi kidogo sana. Mhungaria Loránd Eötvös ndiye aliyeeleza jambo hili, baada ya kuchunguza vipimo vya mvuto vilivyochukuliwa melini. Kama treni ingekwenda magharibi moja kwa moja kwa kilomita 160 kwa saa, bila kutikisa, timazi ingekimbia kwa kiwango cha sekunde 27 hivi kwa siku. Kwa safari ya saa moja na dakika arobaini ni karibu sekunde mbili mbele, na wakati wa kurudi Dar ni sekunde mbili na kidogo nyuma. Sekunde mbili ni kitu ambacho fundi anaweza kukisoma kwa macho. Mzee aliandika kwenye kidaftari chake: *Morogoro, kwenda +2, kurudi −2.* Akapiga mstari chini yake.

Sasa kuhusu huduma, maana wengine mtataka hilo tu. Nililipa shilingi 80,000 kwa kazi na 15,000 kwa safari zote tatu za kuja nyumbani. Kwa saa iliyokuwa imeharibiwa na mtu mwingine naona ni bei ya haki, na angetaka zaidi ningempa. Aliniahidi wiki tatu, ikawa tano, kwa sababu ya ule utepe. Hakunitumia ujumbe kuniarifu, ilibidi niende mwenyewe. Simu hapokei akiwa kazini. Risiti ni karatasi ya daftari aliyoisaini. Ijumaa hufunga saa sita mchana. Saa za betri humwachia mjukuu, na naambiwa kijana ni hodari, ingawa sijampelekea. Kama saa yako ni ya mkononi, mzee atakuelekeza kwa mwenzake, hataigusa. Kitu kimoja ningemwomba abadilishe: awaambie wateja tangu siku ya kwanza kwamba hakabidhi saa kibandani. Mimi nilielewa haraka, lakini nilimkuta mama mmoja pale aliyetoka Mbagala na pesa yake kamili, akaondoka amekasirika.

Msiichukulie kazi yake kirahisi, hata hivyo. Msimwambie "nipe tu nitatundika mwenyewe." Nilimwona akimkatalia kijana mwenye gari zuri aliyekuwa na haraka. Alimwambia kwa upole kwamba saa ikisimama nyumbani kwake watu watasema fundi hajui, na fundi atakuwa amefanya nusu ya kazi.

Leo ni miezi miwili na nusu tangu itundikwe. Joto limepanda, umeme ulikatika mara kadhaa na feni ikasimama, na saa ya baba haikujali. Jumapili iliyopita nilipotia ufunguo ilikuwa sekunde kumi na moja nyuma baada ya wiki nzima. Fimbo ya timazi hurefuka kidogo kukiwa na joto, kwa hiyo sitagusa nati mpaka mvua zianze.

Mjukuu alinitumia video wiki iliyopita akiwa ndani ya treni. Amefunga nati kubwa kwa uzi wa sentimita 25, ameitundika kwenye sehemu ya mizigo juu ya kiti, na simu yake inarekodi. Amehesabu mara 60 kwa dakika akiwa stesheni ya Dar, na mara 60 treni ikiwa mwendo wa juu, ingawa ukitazama vizuri uzi unayumba kwenye kona na hesabu moja inaweza kuwa imempita. Anauliza kama amekosea, kwa sababu hakuona tofauti yoyote. Nimemjibu aje Jumamosi na daftari, tuhesabu pamoja ingembidi ahesabu kwa muda gani ndipo mbembeo mmoja mzima uonekane umezidi. Nadhani ni karibu saa nzima. Nimemwambia amlete na babu yake, maandazi nitakaanga.